Siku Ile Tuliangushwa na Flashi: Makamanda, Kompyuta za Chama Zisasishwe

Makamanda, leo nitawaudhi. Siongelei tume, siongelei polisi, siongelei wakurugenzi. Leo naongelea ile kompyuta nyeusi iliyoko kwenye kona ya ofisi ya tawi letu huku Mbagala, yenye feni inayolia kama mashine ya kusaga, ambayo kila kiongozi anayepita anaipigapiga mgongoni na kusema, "Iacheni hivyo hivyo, si bado inawaka?"

Ndiyo, inawaka. Hata jiko la mkaa linawaka. Swali ni linaunguza nini.

Novemba 2024, siku za rufaa za uchaguzi wa serikali za mitaa. Mnakumbuka hali ilivyokuwa, wagombea wa upinzani walikuwa wanaenguliwa kama mchele unavyopepetwa. Mgombea wetu wa uenyekiti wa mtaa naye akaenguliwa. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma sheria pale tawini, nikapewa kazi ya kuandika rufaa. Nikaandika usiku kucha kwenye ile kompyuta, kifungu kwa kifungu, kanuni kwa kanuni. Alfajiri nikaiweka kwenye flashi, nikaoga, nikaenda steshenari kuprinti.

Kufungua flashi, folda zote zimegeuka vialama vyenye mshale mdogo pembeni. Ukibofya, hakuna kitu. Dada wa steshenari akaniambia, "Mdogo wangu, hii flashi inaumwa." Nikarudi mbio ofisini, kumbe ugonjwa ulitokea kwetu. Kompyuta ya tawi nayo ilikuwa imejaa vialama hivyo hivyo. Tukaandika upya kwa mkono, mimi nikivuta hoja kichwani, katibu akisoma fomu kwa sauti. Tulipofika dirishani muda ulikuwa umepita. Rufaa haikusomwa hata mstari mmoja.

Kinachoniuma zaidi nilikijua wiki mbili baadaye. Kijana mmoja fundi alinionyesha kwamba mafaili yangu yalikuwepo muda wote. Kirusi kilikuwa kimeyaficha tu. Kama pale ofisini kungekuwa na mtu mmoja anayejua, dakika tano zingetosha kuyarudisha.

Siku ile hatukuangushwa na CCM. Hakuna kada aliyetutuma kuweka rufaa ya mtu kwenye mashine inayotumia Windows 7 yenye antivairasi iliyokwisha muda wake, halafu tukachomeka humo flashi inayozunguka kutoka steshenari hadi steshenari kama kikombe cha kahawa kijiweni. Hilo tulilifanya wenyewe. Na naandika hapa kwa sababu najua ofisi nyingi za chama, kuanzia Chamazi hadi Bunju, zina kompyuta kama ile, na viongozi wanasema maneno yale yale.

Hoja ya katibu, na kwa nini siikubali

Katibu wetu ni mzee ninayemheshimu. Alikuwa kwenye mageuzi kabla mimi sijazaliwa. Nilipompelekea hoja ya kubadilisha mfumo wa kompyuta nilianza na shikamoo, akaitikia marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Mwanangu, mashine hii tumeinunua kwa michango ya akina mama wa vitumbua. Inaandika barua, inaprinti. Ukiigusa ikafa, utawaambia nini? Kitu kizima hakitengenezwi."

Nakubali kwamba hoja hii ina uzito, tena mkubwa kuliko wanavyodhani vijana wa mjini wenye kompyuta za mwaka huu. Nimewahi kuunguzwa na papara mimi mwenyewe. Nikiwa mwaka wa kwanza nilikuwa na kompyuta mpakato ya mtumba, RAM GB 4, diski ya zamani ya kuzunguka. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi ya darasani ikaniuliza kama nataka kusasisha, nikabofya ndiyo bila kufikiri. Bando langu lote la wiki likaliwa. Mashine ikazunguka hadi saa tisa usiku, umeme ukakatika katikati, na ilipowaka tena ikawa inaniambia inarudisha mabadiliko nyuma. Nilikabidhi kazi siku mbili baadaye, na alama zikakatwa.

Wala papara si kosa la wanafunzi wa Mbagala peke yetu. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows duniani zikagoma kuwaka. Ndege zikalala viwanjani, hospitali zikarudi kwenye kalamu. Kwa hiyo anayesema kila kitu kipya kibebwe siku kinapotoka, naye hajui anachosema.

Lakini katibu wangu anakosea mahali pamoja, na kosa hilo ndilo msingi wa makala hii. Anadhani kompyuta ni kama meza. Meza ukiiacha bila kuigusa, inabaki ile ile. Kompyuta yenye mtandao, au inayochomekwa flashi, haibaki ile ile. Kila mwezi watu wanagundua mlango mpya kwenye programu zake. Mtengenezaji akiwa bado anaihudumia, anatuma kitasa. Akiacha kuihudumia, mlango unabaki wazi, na orodha ya milango iliyo wazi inajulikana na kila mwizi mwenye intaneti. Mashine haijabadilika, ila barabara inayopita mbele yake imebadilika.

Mfano ni wa Mei 2017. Microsoft ilikuwa imetoa kitasa mwezi Machi mwaka huo. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, kirusi cha WannaCry kikapita kwenye mlango ule ule, kikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 100 na kudai fedha ili kuyafungua. Hospitali za umma za Uingereza zilisimamisha matibabu. Waliokuwa wameweka kitasa cha Machi walilala usingizi. Waliosema "bado inawaka" ndio waliolia.

Kwa hiyo kati ya papara na ukaidi kuna njia, na njia yenyewe ni kujua tarehe.

Tarehe tatu za kuandika ukutani

Windows 7 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Januari 2020. Windows 8.1 iliacha tarehe 10 Januari 2023. Windows 10, ambayo ndiyo iliyoko kwenye kompyuta nyingi za mtumba tunazotumia, iliacha tarehe 14 Oktoba 2025.

Iangalie vizuri tarehe hiyo ya mwisho. Siku 15 baadaye, tarehe 29 Oktoba 2025, ilikuwa siku ya uchaguzi mkuu, na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mimi sitaandika hapa yaliyotokea siku zile, wengi wenu mnayajua kuliko mimi na wengine mna misiba. Nataka tu muone jambo moja la kiufundi. Aliyekuwa anasema "nitaapdeti wiki ijayo" alijikuta hana wiki ijayo. Kuna nchi ambazo mtu anaweza kuahirisha kusasisha kwa sababu mtandao utakuwepo kesho. Sisi tumeshaona kwamba kwetu mtandao ni kitu kinachoweza kuzimwa, na X imefungwa tangu Mei 2025. Kama kuna kitu tunahitaji kukipakua, tukipakue wakati mlango uko wazi.

Sasa, wenye Windows 10 bado mna muda kidogo. Microsoft imetoa mwaka mmoja wa ziada wa vitasa vya usalama, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unaweza kuupata kwa kulipa dola 30, ambazo ni zaidi ya shilingi elfu sabini, au kwa pointi 1,000 za mpango wao wa zawadi, au bila kulipa lakini kwa kukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ukijiandikisha, akaunti moja inaweza kuhudumia hadi kompyuta 10. Kwa tawi lenye kompyuta mbili na vijana wenye mashine zao, hiyo si habari ndogo.

Lakini hapa nina ugomvi, na ugomvi huu ni wa kisiasa kweli. Watu wa Ulaya wamepewa mwaka huo huo bila kulipa na bila sharti la kuhifadhi mipangilio yao. Kwa nini? Kwa sababu vyama vyao vya watumiaji vilipiga kelele Septemba 2025, vikaitaja sheria, na kampuni ikalegeza. Mteja wa Ubelgiji anapewa bure, mama wa steshenari wa Tandika anaambiwa alipe au atoe taarifa zake. Mashine ni ile ile, programu ni ile ile. Tofauti ni kwamba wenzetu wana vyombo vinavyosema. Sisi tuna Tume ya Ushindani, tuna baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, tuna wizara nzima inayoimba uchumi wa kidijitali. Vijana wa chama waandike barua kwa vyombo hivyo, tena kwa jina la jumuiya na kwa muhuri. Kuomba kutendewa sawa si kuomba msaada.

Na serikali isitutazame kama haihusiki. Mwaka 2021 Bunge lilisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, tukaambiwa ni ili wananchi wengi waingie mtandaoni. Mwaka 2022 msamaha ukafutwa, ikasemwa haukumfikia mlengwa. Kama msamaha haukumfikia mlengwa, dawa ilikuwa kumbana mfanyabiashara ambaye hakushusha bei. Wao wakamwadhibu mlengwa. Halafu tunaulizwa kwa nini vijana wanatumia vifaa vya kizamani.

Orodha ya wanachama si karatasi ya maandazi

Mtu ataniambia, "Wewe dada, kwenye kompyuta ya tawi kuna nini cha kuibiwa? Barua za kuomba viti vya mkutano?"

Kuna majina. Kuna namba za simu, namba za kitambulisho cha taifa, mtaa anakoishi mtu, na kiasi alichochanga. Kuna mwalimu wa shule ya serikali aliyejiunga kimya kimya. Kuna dereva wa bodaboda ambaye kijiwe chake kinasimamiwa na kada. Kuna binti ambaye baba yake ni balozi wa nyumba kumi wa chama tawala, na nyumbani hawajui. Watu hawa walitupa majina yao kwa imani.

Na hapa niwaletee sheria, kwa sababu ndiyo kazi ninayoisomea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Katika sheria hiyo, taarifa inayoonyesha mlengo wa kisiasa wa mtu imewekwa kwenye kundi la taarifa binafsi nyeti, pamoja na afya yake na imani yake ya dini. Anayekusanya taarifa hizo ana wajibu wa kuzilinda. Sheria haisemi "isipokuwa tawi la upinzani lenye bajeti ndogo."

Sisi tunapanda majukwaani tukiinukuu Ibara ya 16 ya Katiba, haki ya faragha. Tunalaumu, na tunalaumu kwa haki, kila anayechungulia simu za raia. Halafu orodha ya wanachama wetu inalala kwenye mashine isiyo na nywila, yenye mfumo uliokufa mwaka 2020, na kijana yeyote anayekuja kuchapa CV yake anaikuta kwenye uso wa kompyuta, imeandikwa kwa herufi kubwa WANACHAMA WOTE. Jamani! Huwezi kudai kwa serikali kitu ambacho wewe mwenyewe unamnyima mwanachama wako.

Kuna na jingine. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kutoa amri ya kupekua na kuchukua kifaa akiona kuna sababu za msingi za kushuku kosa. Tunaweza kukipinga kifungu hicho, na mimi nakipinga. Ila wakati tunakipinga, tukijue kipo. Kompyuta za zamani zenye mifumo ya zamani nyingi hazijafungwa diski zake kwa siri. Akiichukua mtu yeyote, awe askari, awe mwizi wa dirishani, anachomoa diski, anaichomeka kwenye mashine nyingine na kusoma kila kitu hata kama hajui nywila yako. Mifumo ya kisasa inakuwezesha kufunga diski yote wakati wa kuisimika. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kubadilisha.

Na Windows ya kukraki? Nisikieni vizuri. Fundi anakupigia Windows kwa elfu kumi na tano, anaweka na kile kiprogramu cha kuidanganya Microsoft kwamba umelipa. Kwanza, hujui kiprogramu hicho kimebeba nini tumboni, na mara nyingi kinakuambia uzime antivairasi ndipo kifanye kazi. Mtu anayekuambia ufunge mbwa kabla hajaingia ndani, wewe unamkaribisha? Pili, programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kwa chama ambacho kinatafutiwa sababu kila siku, ya nini kuweka sababu mezani na kuipanga vizuri na muhuri wa chama pembeni?

Sasa tuamueje

Nimesema sana, sasa niseme cha kufanya. Hivi ndivyo tulivyoamua tawini kwetu baada ya mabishano ya vikao vitatu, na ndivyo ninavyowashauri.

Swali la kwanza ni moja tu: je, mfumo huu bado unapokea vitasa vya usalama? Kama jibu ni ndiyo, usiwe na haraka. Weka masasisho ya kila mwezi ya usalama, lakini toleo jipya kabisa liache wenzako walionje kwa miezi michache. Kama jibu ni hapana, kompyuta hiyo isiguse intaneti, isiguse flashi ya mtu, na isihifadhi jina la mwanachama hata mmoja mpaka ibadilishwe. Hapo hakuna mjadala wa "inawaka."

Swali la pili: mashine inabeba nini? Windows 11 inataka RAM ya GB 4 kwenda juu, nafasi ya GB 64, kijisanduku cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. Hapa ndipo Kariakoo tunapopigwa. Muuzaji anakuambia "hii Core i5" kwa sauti ya kujiamini, kana kwamba zote ni ndugu wa tumbo moja. Soma namba. i5-6300U ni kizazi cha sita, haiingii. i5-8350U ni kizazi cha nane, inaingia. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo yenye siri, na zile zinazoanza na 10, 11 au 12 ni za vizazi hivyo. Na jueni kwamba maofisi ya Ulaya na Marekani yanatupa sasa hivi mashine za kizazi cha sita na cha saba kwa sababu hiyo hiyo, na wao wakitupa sisi tunanunua. Bei zikishuka ghafla msishangilie kabla hamjasoma namba.

Kuna mafundi wanaoweza kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyostahili. Inawezekana, lakini Microsoft yenyewe inasema mashine hiyo haina uhakika wa kupata masasisho, na yale matoleo makubwa ya kila mwaka mara nyingi hayaji yenyewe. Zile za kizamani kabisa za Core 2 Duo hazitawaka nalo kabisa kuanzia toleo la 24H2. Unatoka kwenye mfumo usiohudumiwa unaingia kwenye mfumo usio na uhakika wa kuhudumiwa. Umehama nyumba inayovuja ukaenda isiyo na bati.

Swali la tatu: kama haibebi Windows 11, basi Linux. Najua mnacheka, mnasema ni ya wataalamu. Ile kompyuta ya tawi ilikuwa na RAM ya GB 4. Tukaiongezea diski ya SSD, tukaweka Linux Mint, ambayo ni ya bure, halali kisheria, na toleo lake la 22 linahudumiwa hadi 2029. Wakati wa kusimika tukachagua diski ifungwe. Barua tunaandika kwenye LibreOffice. Kabla ya kuisimika unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi ukaijaribu bila kugusa diski, ukiona printa haikubali unazima, hujapoteza kitu. Katibu alikaa mbele yake siku mbili akinung'unika kwamba vitufe vimehama. Siku ya tatu akaniuliza kwa nini imekuwa nyepesi hivi.

Na anayesema hiyo ni mambo ya Wazungu, nimkumbushe kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kwenye mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye vitufe vya Kiswahili. Imetimia miaka zaidi ya ishirini. Tulikuwa na kitu chetu mkononi, tukakiacha tukaenda kupanga foleni ya kukraki.

Swali la nne: lini? Hili ndilo nililolipia kwa alama zangu na kwa rufaa ya mgombea wetu. Usibadilishe mfumo wiki ya mtihani, wiki ya kurudisha fomu, wiki ya rufaa, wala wiki ya kupiga kura. Badilisha katikati ya ukame wa shughuli, siku ya Jumamosi asubuhi, umeme ukiwepo na kompyuta mpakato ikiwa imejaa chaji. Kabla ya yote, nakala mbili za mafaili, kila moja mahali pake: moja kwenye diski ya nje anayokaa nayo mtu mwaminifu, nyingine mbali na ofisi. Zote mbili zifungwe kwa nywila. Faili la usakinishaji la Windows 11 linazidi GB 5, kwa hiyo lipakuliwe mara moja mahali penye intaneti nzuri na lizungushwe matawi yote ya kata kwa flashi safi, badala ya kila tawi kuchoma bando lake.

Kwa wale wasio na uwezo wa lolote kati ya haya mwezi huu, msikate tamaa. Itoeni mashine kwenye mtandao. Iwe taipureta ya umeme tu. Majina ya wanachama yahamie kwenye daftari la kawaida ndani ya kabati lenye kufuli. Daftari lililofungiwa ni salama kuliko Windows 7 iliyo wazi.

Kwa viongozi wetu

Namalizia na nyinyi mlio juu. Chama kinajua idadi ya bendera zake kila kata, kinajua idadi ya spika za mkutano. Je, kinajua ana kompyuta ngapi na zinatumia nini? Kama hakijui, jumuiya ya vijana ipewe kazi hiyo. Tuko wengi tunaosoma vyuoni, tuna Jumamosi zetu, tuna mikono. Hatuombi posho. Tunaomba barua ya utambulisho na nauli ya daladala, tuzunguke Temeke na Kinondoni tawi kwa tawi, kabla ya tarehe 13 Oktoba 2026.

Mgombea wetu wa mtaa bado anauza nguo za mtumba pale Rangi Tatu. Kila nikipita ananiita "wakili wangu," ananipunguzia bei. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalonifanya niangalie chini. Alitoka nyumbani asubuhi ile akiamini kwamba hoja zake ziko kwenye mikono salama. Zilikuwa kwenye flashi.

Uchaguzi mwingine wa serikali za mitaa utakuja. Fomu zitatolewa, watu wataenguliwa, na binti mwingine wa sheria ataambiwa aandike rufaa usiku kucha. Tusimkalishe kwenye ile mashine.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria na mwanachama wa jumuiya ya vijana, Mbagala.